Utamaduni wa Uingereza wavuma duniani, lakini mwenye ngoma ni nani?

FEBRUARI 20, mwaka 2025, kampuni ya Amazon ya Marekani ilitangaza kwamba imepata mamlaka ya mwisho ya kisanaa juu ya filamu za James Bond, jasusi wa kubuni ambaye kwa zaidi ya miaka 60 amekuwa miongoni mwa sura za Uingereza zinazotambulika zaidi duniani. Warithi wa Albert Broccoli, aliyezianzisha filamu hizo pamoja na Harry Saltzman kwa Dr. No ya mwaka 1962, walikubali kukaa kando.

Habari hiyo iliwagusa wengi mjini London, ingawa haikupasa kuwashangaza. Broccoli alikuwa Mmarekani, Saltzman alikuwa Mkanada, na fedha za kutengenezea filamu zilitoka Hollywood tangu mwanzo. Hata hivyo, kwa miongo sita uamuzi wa nani awe Bond, na ni mambo gani Bond asiyafanye, ulikuwa mikononi mwa familia yenye ofisi London. Sasa uamuzi huo nao umevuka bahari.

Kisa hicho ni mfano mmoja wa jambo pana zaidi. Muziki, soka, filamu na vipindi vya televisheni vya Uingereza vinaendelea kupendwa kila pembe ya dunia, na wanasiasa wa nchi hiyo hawachoki kujivunia sifa hizo. Lakini inapochunguzwa ni nani anayemiliki mali hizo leo, na ni kwa njia gani vipaji vilivyozizalisha vilipatikana, inadhihirika kwamba Uingereza inavuna shamba ambalo imeacha kulipalilia.

Mizizi ya umma

Uingereza ilipoanza kupoteza makoloni yake baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilianza pia kujipatia himaya ya namna nyingine. Februari 7, 1964, kundi la Beatles lilitua New York, na siku mbili baadaye watu wanaokadiriwa kufikia milioni 73 walilitazama katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Aprili 4 mwaka huohuo, nyimbo za vijana hao wanne wa Liverpool zilishika nafasi zote 5 za juu katika orodha ya jarida la Billboard. Mwezi huo ndio Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, na Kenya ilikuwa haijatimiza hata nusu mwaka tangu ijitawale. Bendera ya Uingereza ilikuwa ikishushwa Afrika wakati muziki wake ukipanda chati Marekani.

Mara nyingi mafanikio hayo huelezwa kuwa ni matunda ya vipaji na bahati. Vipaji vilikuwapo, lakini vililelewa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 iliondoa ada katika shule za sekondari za serikali, na ile ya mwaka 1962 ikazilazimu halmashauri kuwapa wanafunzi wa vyuo vikuu ruzuku ya masomo na ya kujikimu. Vyuo vya sanaa vilivyoendeshwa kwa fedha za umma vilitapakaa mijini, navyo viliwapokea hata vijana ambao hawakung'ara katika mitihani.

John Lennon wa Beatles alipita Chuo cha Sanaa cha Liverpool. Keith Richards wa Rolling Stones alisoma chuo cha sanaa cha Sidcup. Pete Townshend wa kundi la The Who alisoma Ealing, magharibi mwa London. Chuo hicho cha Ealing ndicho pia kilichompokea kijana aliyezaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Alihitimu usanifu wa michoro mwaka 1969, na mwaka uliofuata likaundwa kundi la Queen. Dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury.

Hapakuwa na mpango wa serikali wa kutengeneza wanamuziki. Serikali iligharamia elimu, na elimu hiyo ikawapa vijana kitu ambacho fukara hana, yaani muda. Mtoto wa karani au wa mfanyakazi wa bandarini alipata miaka kadhaa ya kujaribu, kukosea na kukutana na wenzake bila kuandamwa na madeni.

Taasisi ya pili ilikuwa BBC, ambayo tangu mwaka 1927 imekuwa shirika la umma linaloendeshwa chini ya Hati ya Kifalme, na ambayo hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na ada ya leseni inayolipwa na kaya. Kwa kuwa haikutegemea matangazo ya biashara nchini mwake, iliweza kuthubutu mambo yasiyo na uhakika wa faida. Tamthilia ya Doctor Who ilianza mwaka 1963, na vichekesho vya Monty Python mwaka 1969. Kwa upande wa nje ya nchi, shirika hilo lilizungumza na dunia kwa lugha za dunia, na Juni 27, 1957 Idhaa yake ya Kiswahili ilianza kusikika Afrika Mashariki. Wasikilizaji wengi wa eneo hili waliijua Uingereza kwa sauti ya redio kabla ya kuijua kwa soka.

Mzizi wa tatu ulitoka ng'ambo. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury mwezi Juni 1948 ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Wao na waliowafuata walileta muziki wao, majukwaa yao ya spika kubwa za mitaani na sherehe zao. Kanivali ya Notting Hill, inayohesabiwa tangu mwaka 1966, imekuwa mojawapo ya sherehe kubwa kabisa za mitaani barani Ulaya. Wajukuu wa wahamiaji hao, pamoja na watoto wa Waafrika na Waasia, ndio walioanzisha mtindo wa grime mashariki mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiusambaza kwa redio zisizo na leseni. Dizzee Rascal alitwaa tuzo ya Mercury mwaka 2003, na mwaka 2019 Stormzy akawa mwanamuziki mweusi wa kwanza wa Uingereza anayeimba peke yake kuongoza jukwaa kuu la tamasha la Glastonbury.

Safari hiyo haijakoma. Mtindo wa drill ulizaliwa Chicago, ukapewa mdundo mwingine London, na kutoka huko ukafika Kumasi nchini Ghana na Nairobi, ambako vijana wa kundi la Buruklyn Boyz wanaurapu kwa Sheng. Beatles nao walianza kwa kuiga muziki wa Wamarekani weusi. Kwa hiyo, kinachoitwa utamaduni wa Uingereza kimekuwa siku zote kama soko la bandarini. Bidhaa huingia, hufinyangwa upya na kusafirishwa tena. Lugha ya Kiingereza, iliyotawanywa kwanza na ukoloni kisha na nguvu ya Marekani, imefanya usafirishaji huo kuwa rahisi kuliko ulivyo kwa Mjerumani au Mtaliano.

Mwaka wa mambo mawili

Tony Blair alipoingia madarakani Mei 1997, serikali yake ilikuwa ya kwanza kuufanya utamaduni huo kuwa sera ya uchumi. Julai mwaka huo alimkaribisha Noel Gallagher wa kundi la Oasis katika makazi ya Waziri Mkuu, na picha zao zikaenea magazetini. Mwaka 1998, Wizara ya Utamaduni ilitoa ripoti iliyopima kwa fedha mchango wa tasnia za ubunifu, kuanzia matangazo na mitindo hadi muziki na michezo ya kompyuta. Ripoti hiyo iliigwa na serikali nyingi duniani.

Katika mwaka huohuo wa 1998, Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha ada ya vyuo vikuu ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka na kufungua njia ya kuondoa ruzuku za kujikimu, mahali pake ikaja mikopo. Ruzuku zilirejeshwa kwa kiasi baadaye, kisha zikaondolewa tena England mwaka 2016. Kiwango cha juu cha ada kilipanda hadi pauni 3,000 mwaka 2006, kikafika pauni 9,000 mwaka 2012, na mwaka 2025 kikawa pauni 9,535. Serikali iliyotambua thamani ya matunda ndiyo iliyoanza kupunguza maji kwenye mizizi.

Athari zake hazikuonekana mara moja, kwa sababu mti hauanguki siku unapokatwa mzizi mmoja. Lakini zimeanza kuonekana. Shirika la Music Venue Trust, linalotetea kumbi ndogo za muziki, liliripoti kwamba kumbi 125 zilifungwa au ziliacha kuendesha muziki wa jukwaani mwaka 2023. Ripoti ya shirika la Sutton Trust ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba miongoni mwa waigizaji walioteuliwa kuwania tuzo kuu za filamu na televisheni za nchi hiyo, waliosoma shule binafsi ni wengi mara kadhaa kuliko uwiano wao katika jamii, ambao ni takriban asilimia 7. Tangu nchi hiyo ijitoe katika Umoja wa Ulaya, wanamuziki wake nao wamejikuta wakihangaika na vibali na makaratasi ya forodha ili kufanya maonyesho katika nchi ambazo zamani waliziingia kwa gari dogo na magitaa mgongoni.

Upo mfano unaoonyesha kwamba udongo haujachoka. Shule ya BRIT, iliyofunguliwa Croydon mwaka 1991, hufundisha sanaa bila ada kwa kutumia fedha za umma pamoja na mchango wa kampuni za muziki. Adele alisoma hapo, na Amy Winehouse alipita hapo. Panapomwagiliwa, panaota.

Soka la England, hazina ya wengine

Hakuna bidhaa ya kitamaduni ya Uingereza inayogusa maisha ya Afrika Mashariki kama Ligi Kuu ya England. Kuanzia vibanda vya kuonyeshea mpira vya Dar es Salaam na Mombasa hadi baa za Kampala na Bujumbura, mwisho wa wiki hupangwa kwa ratiba ya Manchester, Liverpool na London. Victor Wanyama wa Kenya aliposajiliwa na Southampton mwaka 2013, na Mbwana Samatta wa Tanzania alipojiunga na Aston Villa Januari 2020, furaha iliyoonekana ilikuwa ya mataifa mazima.

Ligi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, baada ya klabu za daraja la juu kujitenga na ligi ya zamani ili zijiuzie zenyewe haki za televisheni. Katika mechi za kwanza za Agosti mwaka huo, wachezaji kutoka nje ya Uingereza na Ireland walioanza uwanjani walikuwa 13 tu kwa klabu zote. Desemba 26, 1999, Chelsea ilikuwa klabu ya kwanza ya ligi hiyo kuanza mechi na wageni watupu 11.

Baada ya wachezaji walifuata wamiliki. Mrusi Roman Abramovich aliinunua Chelsea mwaka 2003, familia ya Glazer ya Marekani ikaichukua Manchester United mwaka 2005, na Sheikh Mansour wa Abu Dhabi akainunua Manchester City mwaka 2008. Liverpool imo mikononi mwa Wamarekani tangu 2010, na Newcastle imedhibitiwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia tangu 2021. Abramovich alipowekewa vikwazo mwaka 2022 kufuatia uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, Chelsea iliuzwa kwa wawekezaji walioongozwa na Mmarekani. Mapato ya haki za televisheni kutoka nje ya nchi sasa yanashindana na yale ya ndani.

Afrika Mashariki nayo imetia mkono mfukoni. Jina la SportPesa, kampuni ya kubashiri iliyoanzia Kenya, lilikaa kifuani mwa jezi za Everton kuanzia 2017 hadi 2020, na ushirika huo ndio ulioileta klabu hiyo Dar es Salaam Julai 2017 kucheza na Gor Mahia. Rwanda iliingia mkataba na Arsenal mwaka 2018 ili kutangaza utalii wake kwenye mikono ya jezi, jambo lililozusha mjadala mkali, kwa kuwa nchi inayopokea misaada ya Uingereza ilikuwa ikiilipa klabu tajiri ya Uingereza. Novemba 2025 pande hizo mbili zilitangaza kwamba mkataba huo ungekoma mwishoni mwa msimu wa 2025/26.

Hata hivyo, soka ndilo eneo ambalo umma umewahi kuwarudisha nyuma wenye fedha. Aprili 2021, klabu 6 za England zilipotangaza kujiunga na ligi mpya ya vigogo wa Ulaya ambayo waanzilishi wake wasingeshuka daraja, mashabiki walijaa nje ya viwanja. Ndani ya takriban siku mbili, zote 6 zilikuwa zimejitoa. Tukio hilo lilichochea uchunguzi ulioishia katika sheria ya Julai 2025, iliyounda mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa klabu. Walioshika tiketi waliwakumbusha walioshika hisa kwamba klabu ni zaidi ya hesabu za benki.

Televisheni na hadithi za nyumbani

Kwenye televisheni mambo ni magumu zaidi. Mwanzoni mwa karne hii Uingereza ilikuwa bingwa wa kuuza miundo ya vipindi. Who Wants to Be a Millionaire?, iliyoanza katika kituo cha ITV mwaka 1998, iliuzwa katika nchi zaidi ya 100. Nchini India ilifufua umaarufu wa Amitabh Bachchan mwaka 2000, kisha ikawa kiini cha filamu ya Slumdog Millionaire, iliyotwaa tuzo 8 za Oscar mwaka 2009. Pop Idol ya mwaka 2001 ilizaa American Idol mwaka uliofuata. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2003 iliongeza kasi, kwa kuweka msingi wa watayarishaji binafsi kubaki na haki za kazi zao badala ya kuziacha kwa kituo kilichowaagiza. Mwenye kubuni akawa mwenye kuuza.

Mfumo huo umetikiswa na kampuni za Marekani zinazorusha filamu kwa intaneti, ambazo mara nyingi hulipa gharama zote na kubaki na haki zote. Tamthilia ya Adolescence, iliyotoka Machi 2025, ilitengenezwa kaskazini mwa England na Waingereza, ikihusu vijana wa Kiingereza, na Waziri Mkuu Keir Starmer akaunga mkono ionyeshwe shuleni. Mwenye nayo ni Netflix. Doctor Who nayo iliingia ubia na Disney mwaka 2022, na mwaka 2025 kampuni hiyo ikajitoa, ikiiachia BBC itafute namna ya kuendelea peke yake.

Mfano wenye uzito kuliko yote ni tamthilia ya Mr Bates vs The Post Office, iliyorushwa na ITV Januari 2024. Ilisimulia jinsi mamia ya wasimamizi wa posta ndogo za mitaani walivyohukumiwa kwa wizi ambao haukuwapo, kwa sababu ya hitilafu za programu ya kompyuta. Kashfa hiyo ilikuwa imejulikana kwa miaka mingi bila nchi kutikisika. Tamthilia iliitikisa, na Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Lakini mkuu wa vipindi wa ITV alieleza kwamba kazi hiyo iliiletea kampuni hasara ya takriban pauni milioni 1. Hadithi ya posta ya kijijini si bidhaa ya kuuzika kirahisi ng'ambo. Kama watengenezaji wangesubiri fedha za soko la dunia, huenda wahanga wale wangekuwa bado wanasubiri haki.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wanaouona wasiwasi huu kuwa umetiwa chumvi. Wanasema kwamba fedha za kigeni zimejaza studio, zimewapa kazi mafundi na waigizaji, na zimejenga viwanja vya kisasa. Wanaongeza kuwa utamaduni wa Uingereza haukuwahi kuwa wa Waingereza peke yao, kwa hiyo haidhuru mtaji nao ukiwa wa mchanganyiko.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini inasahau kwamba mgeni aliyeleta mtaji anaweza kuondoka nao. Mei 2025, Rais Donald Trump alipotishia kutoza ushuru wa asilimia 100 kwa filamu zinazotengenezwa nje ya Marekani, hofu iliingia katika studio za Uingereza kwa siku moja. Aidha, wahamiaji waliojenga muziki wa nchi hiyo waliishi humo, wakasomesha watoto wao humo na kuacha kitu humo. Mtaji hauna desturi hiyo.

Kamati ya Bunge ya Utamaduni ilipendekeza Aprili 2025 kwamba kampuni za kurusha filamu kwa intaneti zichangie asilimia 5 ya mapato ya ada wanazotoza wateja wa Uingereza, ili fedha hizo zisaidie kazi za nyumbani. Hati ya Kifalme ya BBC inafikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2027, na mjadala wa namna ya kuligharamia shirika hilo ndio utakaoamua kama tamthilia kama ile ya posta, na matangazo kwa lugha kama Kiswahili, yataendelea kuwa na mlezi. Dalili za miaka ya karibuni hazitii moyo. Septemba 2022 idhaa za dunia za BBC zilitangaza kupunguza nafasi 382 za kazi, na mwezi Januari 2023 redio ya Kiarabu iliyoanza mwaka 1938 ikanyamaza.

Jambo hili linazihusu pia serikali za Afrika Mashariki, ambazo siku hizi nazo huzungumzia uchumi wa ubunifu kwa matumaini makubwa. Ni rahisi kuiga ripoti ya mwaka 1998 yenye majedwali ya mapato. Ni vigumu zaidi kuiga sheria ya mwaka 1962 iliyomlipia kijana ada na chakula, au ile ya 2003 iliyomwachia mbunifu haki ya kazi yake. Lakini sheria za aina hiyo ndizo huzaa kinachohesabiwa katika ripoti za aina ile.

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haidumu. Ngoma ya Uingereza ingali ikivuma, na wachezaji wangali wengi uwanjani. Wajumbe wa Bunge la London watakapoketi kuamua hatima ya BBC na ada za vyuo, watakuwa wakiamua kama atakuwapo wa kuiwamba ngozi yake itakapolegea.